Somo Yangu na Tetemeko Lisilo na Tarehe

Mtoto wangu halali kwangu. Ana miaka saba, ana kitanda chake, ana chandarua cha rangi ya waridi nilichokifunga kwa mikono yangu, na halali humo. Kila jioni akitoka madrasa anapita mlangoni, anasema, "Shikamoo mama," anakula, ananawa, halafu anajitanda kanga yake na kwenda kulala nyumba ya pili, kwa Somo. Hapa Mitwero hakuna asiyejua. Nikienda bombani wananiuliza, "Mama Zuhura, mtoto bado hajarudi tu?" kwa sauti ile ya kunipa pole, ambayo ukiisikiliza vizuri ndani yake kuna kicheko.

Ndiyo maana nataka kumwelezea huyu mwanamke. Simwelezei kwa sababu nampenda. Nampenda, lakini hiyo siyo sababu.

Sitasema alizaliwa wapi wala ni wa ukoo gani. Anayetaka ukoo aende Kilangala akawaulize wazee, watamhesabia mpaka asinzie. Jina lake nalo naliacha, maana mimi mwenyewe silitumii. Nimemwita Somo tangu nilipovunja ungo, kwa kuwa yeye ndiye aliyekaa na mimi ndani. Kwetu mama hamfundishi binti yake mambo yale, mdomo unakuwa mzito. Anachaguliwa mwanamke mwingine, huyo ndiye somo, na tangu siku hiyo ni wako na wewe ni wake. Ukikosea ataitwa yeye. Ukiolewa atasimama yeye. Mama yangu angeweza kumchagua mtu yeyote katika mji mzima wa Lindi. Akamchagua mwalimu wa jiografia, aliyeachika, asiye na mtoto, mwenye miwani mizito kama chini ya chupa. Shangazi zangu walinuna. Mama akawajibu, "Amesoma. Atamfundisha kila kitu."

Na kweli alinifundisha kila kitu. Hilo nitalirudia baadaye, kwa sababu hapo ndipo penye hasira yangu.

Siku hizi hafundishi. Alikwenda kusoma tena, akakaa huko miaka, akarudi kwenye nyumba ya marehemu mama yake na kompyuta begani. Sasa anafanya kazi na chuo kimoja cha Dar es Salaam bila kutoka ukumbini kwake. Kazi yenyewe ni kutengeneza matetemeko ya ardhi. Nisemeje tena? Ndivyo watu wanavyosema huku. Yupo mzee mmoja wa samaki, kila akipita na baiskeli yake anamuuliza, "Mwalimu, umetengeneza mangapi leo?" Naye anajibu, "Mengi tu, baba, lakini hakuna lililonikalia sawa."

Alinieleza mara nyingi, na mimi kidato cha nne nilimaliza, si mjinga wa kutupwa. Chini ya ardhi hii yetu na chini ya bahari, kutoka huku kwenda mpaka Kilwa na kupita, miamba imepasuka hapa na pale. Mipasuko mingine inajulikana. Mingine imefunikwa na mchanga na matope, hakuna aliyewahi kuiona. Kila mpasuko umebanana, unasukumwa pole pole miaka na miaka, siku moja unateleza, na kule kuteleza ndiyo tetemeko. Shida ni kwamba mipasuko haikai mmoja mmoja, inakaa kama ukoo. Huyu akiteleza, jirani yake anapunguziwa mzigo, na mwingine anaongezewa. Pengine wawili watateleza kwa pamoja, pengine wa pili atakaa kimya miaka elfu. Basi Somo anaiingiza yote kwenye mashine, anaiambia iishi, anatazama nani atamwangukia nani kwa maelfu ya miaka ya kubuni. Akimaliza anabadilisha kitu kidogo, labda jinsi mwamba mmoja unavyokwaruzana na mwenzake, anaanza upya. Historia nzima inatoka nyingine.

"Sasa ipi ni ya kweli?" nilimuuliza.

"Hakuna."

"Hakuna?"

"Kila moja ingeweza kuwa. Ndiyo maana nafanya nyingi."

"Kwa hiyo Somo unalipwa kwa kutokujua."

Alicheka mpaka akavua miwani kuipangusa. "Nalipwa kwa kupima ukubwa wa kutokujua kwangu, mwanangu. Usione hivi, ni kazi."

Niliondoka pale nimekasirika, na ilinichukua muda kujua kwa nini. Ni hivi. Mimi nikipeleka mtoto hospitali, nesi akaniuliza homa imeanza lini, nikasema sijui, nakaripiwa mbele ya watu. Mama mkwe akiuliza kwa nini mtoto hali, nikasema sijui, anageuza uso, "Mama gani huyu?" "Sijui" yangu mimi ni aibu. Somo akisema sijui, watu wa chuo wanamvutia kiti na kumuomba aiseme tena taratibu wapate kuandika. Kama huo siyo wivu, basi niambieni ni nini. Mimi nabangua korosho. Vidole vyangu vimeungua na mafuta ya maganda, vimekuwa vyeusi mpaka kwenye kucha, na kila siku naulizwa maswali ya ndiyo au hapana na kila mtu anataka jibu papo hapo.

Mnielewe, huyu mwanamke hana makuu. Mwaliko wa arusi ukimfikia hasemi nitakuja. Anasema, "Inawezekana." Watu walikuwa wanaona anaringa mpaka wakazoea, wakawa wanamwekea sahani yake hivyo hivyo. Neno inshallah sisi tunalitupa tu, mtu anakuambia inshallah huku tayari amekwisha kupanga kutokuja. Yeye akilisema anatua kwanza, kama mtu anayepima kina cha maji kwa mguu. Sheikh wetu anampenda kwa hilo. Siku moja alisema barazani kwamba katika mtaa huu mzima anayesema "Mungu ndiye ajuaye" na kumaanisha ni mwanamke mmoja tu, tena hana hata mume. Wanaume waliguna.

Mtandao ukisumbua anapanda juu ya ndoo iliyopinduliwa karibu na ukuta wa choo, simu juu, mkono kiunoni, amesimama hapo kama mnara. Anaogopa chura. Mwanamke anayeangusha mji mzima ndani ya mashine kabla ya chai, akiona chura kwenye bafu anapiga kelele mpaka nitoke na ufagio. Mlangoni kwake, kutoka kwenye boriti, amening'iniza kijiko cha chai kwa uzi. Ardhi ikitikisika, anasema, kijiko kitacheza kabla mtu hajajua anachokisikia. Tena ana ubishi wa ajabu katika jambo moja: mchuzi wa samaki. Hapo hakuna inawezekana. Embe bichi liingie mwanzo, nazi ya kwanza ije mwisho, ukigeuza umeharibu, ondoka jikoni kwangu. Nimemwona akimnyang'anya mwiko mke wa sheikh.

Sasa niseme lilivyotokea kwangu.

Ilikuwa mchana, niko uani na maganda yangu, Zuhura yuko chumbani anachora. Bati ndilo lililosema kwanza. Nilidhani lori limepita, lakini lori halitoki chini ya matako yako. Nilikimbia ndani, nikambeba, nikatoka naye nje nikiwa sina hata mtandio. Likapita. Ukutani chumbani kwake, kutoka kwenye kona ya dirisha mpaka juu kabisa, ukawa umefunguka ufa wa kuingiza kidole. Mtoto analia, ameng'ang'ania shingo yangu. Nikamkumbatia nikamwambia, "Limekwisha. Halirudi tena. Mama yako anakwambia, halirudi."

Na ningemwambia tena leo. Mama yeyote angesema hivyo. Unamshika mtoto anayelia hivyo, unaanza kumpigia hesabu?

Jioni hiyo hiyo, tumekaa mkekani tunakula, likarudi. Dogo, la kupita tu, maji kwenye jagi yakatikisika. Wala halikuangusha kitu. Zuhura hakulia. Aliniangalia. Aliniangalia kama mtu anayemtazama muuza duka aliyempunja, hana la kusema, ila kesho atanunua kwingine. Akamaliza tonge lake, akachukua kanga, akatoka. Nilimfuata nikimwita. Somo alikuwa amesimama mlangoni chini ya kijiko chake. Mtoto akamuuliza, "Somo, litarudi?"

Yule mwanamke alichutama mpaka macho yao yakawa sawa. "Sijui," alisema. "Mara nyingi madogo yanafuata. Kubwa nalo linaweza, ila siyo mara nyingi. Likija, tutatoka kwa mlango huu hapa, mimi na wewe, nitakushika mkono huu."

Zuhura akampa mkono huo huo, akaingia ndani. Mimi nikabaki nje kama mtu aliyekuja kudai.

Tangu siku hiyo analala kule.

Niliwaza atarudi baada ya siku chache. Wapi. Alianza kuzungumza kama yeye. Nikimwambia mvua inakuja, anua nguo, ananiuliza, "Mama, unajua au unadhani?" Mtoto wa miaka saba! Nikimwambia baba yako atarudi kutoka kazini kwake Pande Ijumaa, anasema, "Inawezekana." Nilitaka kumfinya. Jioni moja nikapita kumwita, nikamkuta amekaa katikati ya magoti ya Somo anasukwa nywele. Mtoto wangu, kichwa chake nilichokisuka tangu hakijakaza. Somo anamsuka huku anamfundisha: "Nikivuta msuko huu, unasikia wapi?" "Hapa nyuma ya sikio." "Unaona? Nimevuta mbele, umeumia nyuma. Ndivyo ardhi ilivyo." "Na ukivuta sana?" "Kuna mmoja utafumuka. Ila upi, hata mimi ninayesuka siwezi kuapa." Mtoto akacheka. Kwangu mimi hulia akisukwa. Mara nyingine husema mikono yangu inawasha, ni yale mafuta ya korosho. Ya Somo, alisema, ni laini.

Nilirudi nyumbani nikaiosha kwa majivu na ndimu mpaka ngozi ikatoka.

Halafu ikaja ile habari ya mwaka. Hii mtaani inasimuliwa mpaka leo, na kila anayesimulia anamfanya mtoto wangu kuwa mkubwa zaidi. Mashine ya Somo ikiwa inafanya kazi huonyesha ramani ya pwani yetu, mipasuko kama nyuzi nyeusi, na tetemeko likizaliwa uzi unawaka mwekundu, wekundu unakimbia. Pembeni juu kuna namba inayohesabu miaka ya ile hadithi ya kubuni, tangu mwaka sifuri. Siku hiyo Zuhura alikuwa amekaa pale anatazama kama wenzake wanavyotazama katuni. Uzi wa upande wetu ukawaka, wekundu ukarukia uzi wa pili, ukajaa. Akaangalia namba. Ilikuwa imefika 1447.

Sasa mtoto wa madrasa namba hiyo anaijua. Imeandikwa kwa maandishi makubwa kwenye kalenda ya ukutani, anaisoma kila siku anapokaa na juzuu yake. Ni mwaka wetu huu wa Hijria. Akatoka mbio bila viatu. "Ni mwaka huu! Kwenye kompyuta ya Somo, ni mwaka huu!"

Kabla ya alasiri magodoro yalikuwa nje mtaa mzima. Nyumba iliyokuwa na maandalizi ya arusi ikahamishia masufuria uwanjani. Kuna aliyekwisha kupiga simu Kilwa kuwaambia ndugu zake wasikae ndani. Na wala hatukuwa wajinga: namba mtoto ameisoma mwenyewe, mwaka tunaujua wenyewe, na mashine ni ya mwalimu. Walipomwita Somo mbele ya msikiti umati ulikuwa umejaa mpaka barabarani.

Alisimama, akaweka sawa miwani. "Huo ni mwaka wa mashine," alisema. "Mashine imeanza kuhesabu yenyewe tangu sifuri. Haikuhama Makka kwenda Madina. Na hiyo ni hadithi moja katika hadithi nyingi. Kuna nyingine ambazo mwaka huo huo palikuwa kimya kabisa."

Watu wakapumua. Yule mzee wa samaki akasema, "Alhamdulillahi. Kwa hiyo mwaka huu halitokei."

Wote tunamtazama. Angesema ndiyo tu. Neno moja, kila mtu abebe godoro lake akalale.

"Sikusema hivyo, baba. Mwaka wa mashine siyo mwaka wetu. Na wetu siujui."

Waliguna kama uwanja wa mpira timu ikikosa penalti. "Aa, mwalimu!" mama mmoja akapaza sauti. "Wewe hata ukiulizwa kama umekula utasema uwezekano upo!" Vicheko. Naye akacheka pamoja nao. Kisha akawaeleza mambo ambayo hayakuhitaji tarehe: kabati zito lisiwe juu ya kichwa cha mtoto, mlango usizibwe na vyombo, ukuta uliopasuka uonwe na fundi, na ardhi ikitikisika kwa nguvu wanaokaa karibu na bahari wapande juu wasingoje kuambiwa. Nusu ya watu waliingia ndani, nusu walilala nje. Mimi nililala nje, nikitazama dirisha la nyumba ya Somo ambamo mtoto wangu alikuwa anakoroma.

Nilitegemea angalau atamkaripia. Asubuhi niliwakuta wanakunywa chai. "Aliisoma namba vizuri sana," aliniambia. "Kosa langu, sikumwambia ni saa ya nani." Zuhura akainua kidevu. Nilijivunia mtoto wangu na nikataka kumwaga ile chai, vyote kwa wakati mmoja.

Hata mume wangu. Namweleza kwenye simu habari ya ufa, mimi ninayelala nao, mimi ninayeufagia vumbi lake, yeye ananiuliza, "Somo anasemaje?"

Somo alikuwa amekwisha sema, nami sikutaka kusikia. Siku ya pili tu baada ya tetemeko alikuja akaugonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akatazama juu. "Lini litarudi sijui. Hili najua: chumba hiki hakina lenta. Huyu fundi aliunganisha tofali na bati basi. Weka mkanda wa zege na nondo kuzunguka hapa juu, na huu ufa ushonwe." Nikamsikia kama anakwepa swali. Mimi nilikuwa nimeuliza litarudi au halirudi, yeye ananiletea habari za nondo. Ilichukua miezi. Baba Zuhura alipokuja likizo akaleta fundi, lenta ikamwagwa, ufa ukafungwa, ukapigwa plasta, likabaki kovu jeupe kutoka dirishani kwenda juu. Nikamwonyesha mtoto. "Chumba chako kimepona. Rudi." Akalitazama lile kovu, akanitazama mimi. "Unajua au unadhani?"

Akaenda zake.

Sasa turudi kule ndani, kule nilikosema nitarudi. Mengi ya kule hayaandikwi. Lakini sauti yake naweza kuieleza, kwa sababu mwaka huu nimeikumbuka kila siku. Kidole juu. Mwanamke hufanya hivi, akifanya vile yatampata haya. Mume akinyamaza, usimfuate na maneno, atarudi mwenyewe. Uchungu wa mimba ya kwanza, kaza meno, unapita. Mtoto akilia mama hatetereki. Hakusema sijui hata mara moja. Nilikuwa na miaka kumi na tatu na nilitoka mle nikiamini kuna mwanamke mmoja duniani ambaye kila kitu amekwisha kukiona mwisho wake. Nikayafuata. Mume aliponyamaza, sikumfuata na maneno, na alinyamaza mwaka mzima. Uchungu haukupita kwa kukaza meno, ulipita kwa kisu cha daktari. Na mtoto alipolia sikutetereka, nikamwambia kwa kidole juu kama nilivyofundishwa: halirudi.

Muda wote huu mtaani walidhani namwonea wivu Somo kwa kuninyang'anya mtoto. Mimi pia nilidhani hivyo. Kumbe nilikuwa namwonea wivu mtoto.

Wiki iliyopita Somo alikuja kuaga, safari ni mwezi ujao. Chuo kinamtaka Dar es Salaam, wana mashine kubwa zaidi, hadithi nyingi zaidi. "Mwaka mmoja," alisema, "au miwili. Sijui." Ilikuwa Ijumaa baada ya sala, jua kali, Zuhura bado yuko shule. Nilimkaribisha chumbani kwa mtoto kwa makusudi kabisa.

"Shikamoo Somo."

"Marahaba mwanangu. Hee, lenta imekaa vizuri."

"Chumba hiki, alale au asilale?"

"Ukuta sasa umeshikana. Ningekuwa na mtoto ningemlaza. Tetemeko silijui."

"Nilijua utasema hivyo."

"Sasa ulikuwa unauliza nini?"

Hapo nilifumuka. Nilisema huku korosho nilizoingia nazo ziko mkononi, nikazibana mpaka zikavunjika. "Nauliza kwa nini mimi hukuniambia sijui! Mimi ulininyooshea kidole. Yangu yote ulikuwa unajua, mume, uzazi, kila kitu, uliapa! Zuhura anakuja, unamchutamia. Unamwambia sijui mwanangu, tutatoka mimi na wewe. Mimi hukuwahi kuniambia tutatoka mimi na wewe. Mimi ulinipa amri ukanifungulia mlango nikaolewa!"

Alikaa kwenye ukingo wa kitanda cha mtoto.

"Kule ndani," alisema, "nilikuwa nimeachika na sina mtoto. Unadhani nilikuwa najua nini? Mama yako alinishika mkono mlangoni, akaniambia, ukisema sijui hata mara moja, hatakusikiliza tena. Nikayasema yote kama alivyoniambia somo yangu mimi. Nusu yake nilikuwa naisema huku naogopa isije ikawa siyo kweli."

"Na nusu ya pili?"

Akafikiri. Alifikiri kweli kweli, kama anavyofikiri kwenye kompyuta.

"Mchuzi," alisema. "Mchuzi nilikuwa na uhakika."

Nilicheka. Sikutaka kucheka, nilikuwa nimejiandaa kwa kilio, kikatoka kicheko kibaya chenye makamasi. Yeye hakucheka. "Nilipaswa kukuchutamia," alisema. "Sikujua kwamba inaruhusiwa."

Kisha akavua miwani, akaiweka dirishani. Akachukua mkeka uliosimama pembeni, akautandika sakafuni chini ya lile kovu, akajilaza.

"Somo, unafanya nini?"

"Nimechoka. Nalala."

"Hapo?"

"Hapa pana upepo."

Nilikuwa bado nimesimama nikimtazama Zuhura alipotokea mlangoni na begi lake mgongoni. Akamwona Somo chini. Akainua macho kwenye kovu, akalifuata mpaka juu kwenye lenta, akashuka nalo tena. Akaweka begi, akavua viatu, akaja akajilaza kando ya Somo akiwa na sare zake za shule. Pakabaki nafasi upande wa pili wa mtoto, ya mtu mmoja mwembamba. Mimi si mwembamba. Nilijibana hapo hapo, mikono yangu inanuka korosho, nikaiweka mbali naye.

Nje mzee wa samaki alikuwa anapita akipiga kengele ya baiskeli. Somo alikuwa anahema pole pole, kuhema kwa mtu anayejifanya amelala. Nilijua atakachoulizwa, nilikuwa nangoja jina lake litajwe, nimekwisha kuumia tayari.

"Mama."

Nikadhani sikusikia vizuri.

"Mama. Litarudi?"

Ile "halirudi" ilikuwa imekaa kwenye ulimi wangu tayari, inataka kutoka yenyewe. Nikaimeza.

"Sijui," nilimwambia. "Likija, mlango ni ule pale. Nitakushika mkono huu. Sasa toa mguu wako juu ya tumbo langu, joto."

Hakuutoa.